Yah: Mashine Yangu Kuwekwa Stoo Pamoja na Sukari ya Msiba

Iyunga, Mbeya

Kwa Daktari Mkuu,
Ofisi ya Afya za Marubani

Ndugu Daktari,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni rubani wa ndege ndogo ya viti kumi na viwili, nabeba watalii, na mara nyingine wagonjwa, kati ya Mbeya, Iringa na mbugani. Barua yenu ya kuahirisha cheti changu cha afya nimeisoma, nikaisoma tena mbele ya mke wangu Faustina, kisha nikakaa chini niandike kwa adabu, maana hasira haijawahi kumpa mtu cheti.

Mtakumbuka kwamba mwaka jana niligundulika kuwa nikilala pumzi hukatika, hurudi kwa kishindo, hukatika tena. Nikapewa mashine yenye bomba na barakoa, inayonipulizia hewa puani usiku kucha. Nilikuja kwenu kujitaja mwenyewe, kwa sababu mficha maradhi kilio humuumbua. Mkanishukuru, mkanipa sharti: niivae kila usiku, na kabla ya uchunguzi mashine yenyewe itoe taarifa. Sasa imetoa taarifa kwamba wiki ya mwisho haikuguswa usiku sita mfululizo, nanyi mmeiamini. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mmeiuliza mashine, hamkuniuliza mimi. Mashine ilijua kwamba haikuvaliwa. Haikujua kwamba iko msibani. Baba mdogo wa Faustina alifariki kule Kilolo, Iringa, nasi tukaondoka siku ileile. Mimi pale ni mkwe. Mkono mtupu haulambwi, na mkwe akifika msibani na mzigo, kina mama wa chakula humpokea mzigo huo kabla hajaketi. Tulikuwa na mabegi mawili, moja la mchele na sukari, jingine la mashine. Yakapokewa yote mawili, nikashukuriwa kwa magoti, yakaingia stoo.

2. Mtasema ningeenda kulichukua. Ndugu Daktari, sijui wewe umeoa wapi. Mkwe hadai kitu kilichokwisha kupokewa msibani. Hata akitoa viatu vyake kwa makosa, anarudi nyumbani pekupeku na anasema asante. Ningemwendea vipi mama mkwe katika majonzi yake, nimwambie naomba lile begi lililo chini ya gunia la maharage, nataka kujifunga bomba usoni nilale? Nilimtuma Faustina akaulizie kwa mbali. Akajibiwa kwamba zawadi ya shemeji imeonekana, ni nzito, Mungu ambariki, na itafunguliwa siku ya kuanua matanga. Na hata ningeipata, jenereta lilikuwa na soketi moja tu, nayo ilishikwa na kinanda cha kwaya. Kati ya pumzi zangu na kinanda, wafiwa wangechagua nini, najua mimi.

3. Lililo kubwa zaidi ni kwamba msibani hakuna anayelala. Wanaume tulikaa nje kando ya moto na mablanketi yetu, tukamzungumzia marehemu mpaka jogoo. Ugonjwa wangu, kwa maandishi yenu wenyewe, ni wa usingizini. Asiyelala hawezi kukatika pumzi usingizini. Kwa hiyo wiki ile ambayo mmeiandika kuwa ya hatari ndiyo wiki niliyokuwa mzima kuliko rubani yeyote wa Nyanda za Juu Kusini.

4. Wapo marubani wenzangu, sitawataja, wanaokoroma mpaka mgeni wa chumba cha pili anaomba kuhamishwa. Hawajapimwa, kwa hiyo hawaumwi, na vyeti wanavyo. Mimi niliyepimwa na kutibiwa ndiye mnayeniogopa. Hili linaniuma, nasema wazi. Kurusha ndege ndiyo kazi ninayoijua. Sina shamba la chai wala kibanda sokoni Mwanjelwa cha kukimbilia. Mkiendelea hivi mtawafundisha vijana kwamba njia ya uzima ni kutokwenda hospitali.

5. Niliposimama mbele ya jopo lenu, mjumbe wa upande wa kushoto alisinzia tangu nilipotamka shikamooni. Kidevu kilikuwa kifuani, na sauti ninaifahamu, ni ya ukoo mmoja na yangu. Aliamka wakati wa uamuzi, akanyoosha mkono kunikatalia. Mimi nikisinzia nahatarisha viti kumi na viwili. Yeye amesinzia akiwa ameshika marubani wote, na hana hata barakoa.

Kutokana na hayo, naomba siku zote za msiba zihesabiwe kuwa siku za matibabu. Naomba pia wajumbe wa jopo wavae mashine vikaoni, taarifa zao zisomwe kwetu. Na kama hayo ni magumu, basi uchunguzi wa marubani wote uhamishiwe misibani, mahali ambapo usingizi hauna nafasi, tufaulu sote kwa pamoja.

Wasalimie wajumbe wote, karani aliyenikaribisha maji, na hasa yule mzee wa kushoto, mwekeeni mto. Faustina na watoto wanawasalimu. Sisi hatujambo, ila cheti.

Wako aliye macho,
Rubani Asukile Mwakatumbula

Nakala: Mama mkwe, Kilolo (haitatumwa).

Tanbihi: Faustina amesoma barua hii na amekataza isitoke nyumbani mpaka niongeze jambo moja. Usiku wa mwisho wa msiba, pale motoni, inasemekana nilifumba macho kidogo. Inasemekana nilikoroma mpaka Mzee Tadeo, aliyeketi kando yangu, akahamisha kiti chake, wakanistahi kwa kuwa ni mkwe. Kisha nikanyamaza. Matilda, mdogo wake Faustina, alikuja kunigawia chai, akaona kifua hakipandi. Akanitikisa, sikuamka. Akaweka mikono kichwani, akaangua kilio, kina mama wakakipokea kutoka ndani, na kwaya ikaanza wimbo mwingine.

Kilio ndicho kilichoniamsha. Nilikuta watu wote wanalia, nami, kama mkwe mwenye adabu, nikalia pamoja nao kwa nguvu. Nililia kuliko wote. Matilda akanishika bega, akaniambia taratibu, "Shemeji, nyamaza. Tulikuwa tunakulilia wewe."

Mama mkwe alifungua stoo mwenyewe, akanirudishia begi mbele ya watu, na kinanda kikachomolewa. Nililala hadi asubuhi nikiwa na unga wa sembe ndani ya bomba, na hakuna aliyecheka.

Tangu hapo sijaacha kuivaa, lakini Faustina bado anaamka kunisikiliza. Nimefikiri sana, Ndugu Daktari. Motoni alikuwepo Matilda na birika lake. Kule juu nakaa mbele peke yangu, na abiria wote wananiona kisogo tu. Cheti changu kaeni nacho kwanza, mpaka mashine iseme tena.