Mraba Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Wa pili tena! Anayeongoza ni Fundi Saa, mzee anayechora kila nyumba kama anatia uzi kwenye sindano. Tuko sita, wote wa kujitolea, chumba cha nyuma cha maktaba. Tunatazama picha za satelaiti, tunachora mapaa kwenye ramani ya dunia. Msimamizi kasema kipindupindu kimeingia, na magari ya maji safi yatafuata nyumba tulizochora. Sawa. Ila atakayeongoza kwa idadi ya nyumba Ijumaa anapata fulana.

Jumanne, 4 Machi
Mraba wangu wa ramani, namba kumi na saba, ni balaa. Bondeni, anakokaa dada yangu na mumewe, miti imefunika mapaa. Nyumba tatu kwa saa, macho yanauma. Lakini kilimani, loo! Vijumba vya saruji, safu kwa safu, vyeupe pee. Makaburi. Najua. Kutoka angani nani atajua? Mia mbili na kumi na nne kabla ya chai! Nikabonyeza “Imekamilika”. Fundi Saa akauliza mbona bonde liko tupu. Nikamwambia watu walishahama. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 5 Machi
Naongoza! Dada kapiga simu. Shemeji anaharisha tangu alfajiri, kisima kimechafuka, gari la maji linakuja lini? Nikamwambia atulie, mchora ramani si ndugu yake? Akanishukuru. Roho ikanisuta. Naweza kuufungua mraba upya, lakini ukifunguliwa kabla ya Ijumaa hesabu yangu inarudi sifuri. Nitaufungua Ijumaa, nikishavaa fulana.

Alhamisi, 6 Machi
Magari mawili ya maji yamepanda kilimani. Madereva wamezunguka makaburi saa nzima wakipiga honi. Hakutoka mtu. Msimamizi kauliza nani alichora pale. Nikasema picha ni ya zamani. Dada hapokei simu.

Ijumaa, 7 Machi
Fulana nimepewa. Inabana makwapa. Shemeji amefariki saa nne asubuhi.
Fundi Saa hakuja kunipongeza. Ameshuka bondeni kwa miguu na madumu mawili ya maji na daftari, anahesabu nyumba mlango kwa mlango. Mzee ana kiherehere.

Jumamosi, 8 Machi
Tumemzika kilimani. Nililia, kweli nililia. Alikuwa mtani wangu, na viatu hivi alinishonea yeye, bure. Dada alinishika mkono, akauliza polepole, “Kaka, sisi ulituchora?”
Nikamjibu, “Nilianza na ninyi.”
Akaniegemea begani. Sikujua niweke wapi mikono.

Jumapili, 9 Machi
Fundi Saa ameingiza bonde zima. Tumelingana, nyumba kwa nyumba! Na mwezi huu kuna fulana nyingine, kubwa zaidi.
Nimefungua kilima kwenye ramani. Makaburi yangu bado hayajafutwa. Picha ni ya mwaka jana, kwa hiyo la shemeji halionekani. Lakini mimi nilikuwepo, najua lilipo: safu ya mwisho, karibu na uzio. Nimelichora, pembe nne, safi kabisa.
Naongoza.