Siku Nne za Kunyoosha Miguu

Jumatatu, 10 Septemba 1962

Mimi nimezaliwa na bahati. Wenzangu wa Likoni wamezaliwa na vitovu tu. Leo kazini bandarini imechezwa bahati nasibu, vikaratasi mia tatu ndani ya ndoo, na jina lililotoka ni Mwinyihaji. Mimi! Zawadi: siku nne katika nyumba ya Mzungu huko Tiwi, mchangani kabisa, mume na mke. Mzungu mwenyewe amepanda meli kwenda kwao, atautazama Uhuru kwa mbali.

Nimemwambia Mwanatabu, mke wangu. Hakuruka. Aliuliza nani atakaanga mahamri. Miaka kumi na mmoja huyu mtu anaamka kabla ya adhana, anakanda, anakaanga, anauza mlangoni. Sasa ikifika adhuhuri miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Dresa, msaidizi wa daktari pale zahanati, amesema dawa ni moja, apumzike, miguu juu. Mwanatabu akamjibu atapumzika akifa. Dresa akaandika hivyo hivyo kwenye kadi.

Nikamwambia zawadi ikikataliwa anapewa Mutua, jirani yetu wa ukuta mmoja. Hapo hapo akauliza kama Tiwi kuna baridi.

Nimeshinda mara mbili siku moja!

Jumanne, 11 Septemba

Nimeandika ratiba. Saa mbili asubuhi: kulala. Saa nne: kuendelea kulala. Saa sita: kutazama bahari bila sababu. Hivyo ndivyo wanavyofanya Wazungu, nimewaona Nyali kwa macho yangu, nilipokwenda kupeleka barua. Mtu mzima amelala mchana kweupe na hakuna anayemuuliza kama ni mgonjwa.

Mutua alitaka kuona tikiti ya ushindi. Huyu ni mtu wa Machakos, dereva wa winchi, anaamini kitu akikishika. Nilimwambia ushindi wa heshima hauna tikiti. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Bwana Mwinyihaji, wewe hata jogoo wako anawika kwa kukopa." Eti yeye ameshalala hoteli ya Malindi. Mkewe, Mueni, akapaza sauti kutoka ndani kwamba alilala na mizigo, alikuwa mpagazi.

Mama mwema, Mueni. Amejitolea kukaanga mahamri mpaka turudi. Mwanatabu alishukuru, akaingia chumbani, akaniambia wateja wake watavunjika meno. Mahamri ya Mueni, wallahi, ukiangusha moja paka anahama.

Jumatano, 12 Septemba

Kuaga. Nilidhani tutaaga nyumba tatu. Mwanatabu ameaga kutoka msikitini mpaka kivukoni, kila mlango shikamoo na marahaba, kila mlango kikombe cha kahawa, na miguu ile ile. Nikasema kimoyomoyo, haya, mara ya mwisho.

Kisha nikasikia jambo. Amemtuma muuza mihogo akamwambie shangazi yake, Bi Mwanarusi, kwamba tunakuja. Shangazi anakaa Tiwi! Mwendo wa robo saa kutoka nyumba ya Mzungu! Nilisahau kabisa. Mwanamume nimeoa Tiwi, nimelishwa pilau ya harusi Tiwi, na nimepanga kujificha Tiwi.

Nilimwambia hapakuwa na haja. Akaniangalia. "Baba Nyamvula, tupite mlangoni kwa shangazi kama wezi?" Akiniita kwa jina la binti yetu, ambaye tunamwachia Mueni, mjadala umefungwa.

Alhamisi, 13 Septemba

Tumefika! Nyumba nzuri, ila upande wa nyuma chumvi imeila mpaka mawe yanachungulia. Mpishi wa Mzungu, Randu, rafiki yangu, alitupokea. Pembeni mwake kulikuwa na mapipa ya chokaa na brashi mbili. Mwanatabu aliuliza ni za nini. Nilisema ni za Randu. Randu akakohoa.

Kitanda cha springi. Mwanatabu alikaa ukingoni kama aliyekuja kumwona mgonjwa. Nikamweka kwenye kiti cha turubali, uso baharini, miguu juu ya kigoda. Akauliza afanye nini. Nikasema hakuna. Akauliza hakuna mpaka lini.

Niliondoka kidogo "kutembea". Niliporudi amefagia sebule, amefagia baraza, na sasa anaufagia ufuo. Ufuo! Nilimnyang'anya ufagio. Akasema mchanga ulikuwa umejaa majani. Kisha akaniuliza mbona viwiko vyangu vyeupe. Nikasema ni upepo wa chumvi.

Akakwangua kimoja kwa ukucha, akautazama ule unga.

Ijumaa, 14 Septemba

Maangamizi. Baada ya sala ya Ijumaa alifika Shangazi Mwanarusi na watu kumi na mmoja, madafu, kuku mmoja hai mwenye hasira. Hakuingia ndani. Alisimama mchangani akasema ili bahari isikie: mtoto wa kaka yake analala kwa Mzungu asiyekuwepo, na kitanda chake kwao kimetandikwa tangu juzi? Amekosewa nini? Ameolewa au ametekwa?

Nilieleza habari ya zawadi. Akasema, "Mkwe wangu, zawadi gani ya kumkimbia mamako?" Wale kumi na mmoja wakaguna kwa pamoja. Kuku naye.

Wakamchukua Mwanatabu. Mimi sikuweza kwenda, kuna shughuli nyuma ya nyumba niliyomwahidi Randu. Mshindi naye husaidia kidogo, ndiyo desturi ya bahati nasibu.

Alasiri nilifuata. Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba barazani, binamu wawili wanamkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Alikuwa amejaribu kuingia jikoni, wakamtoa kwa kumshika mikono, kwani mgeni hagusi mwiko kwa shangazi. Akalala hapo hapo, na bado alikuwa amelala, mdomo wazi, kuku wakimpita chini ya kitanda.

Miaka kumi na mmoja sijawahi kumwona amelala mchana. Nilisimama pale kama mjinga. Ratiba yangu ilikuwa mfukoni, nikaikunja ndogo zaidi.

Nimerudi peke yangu. Kitanda cha springi kinalia ukigeuka.

Jumamosi, 15 Septemba

Leo asubuhi nilikuwa juu ya ngazi, nusu ya ukuta bado, chokaa mpaka kwenye nyusi. Nikasikia kikohozi. Mwanatabu, na bakuli la wali wa nazi kichwani.

Aliuliza kama washindi wote hupaka nyumba. Nilisema ni mtindo mpya kutoka Ulaya.

Aliweka bakuli. Nikajua sasa atachukua brashi ya pili, na miguu ile, na kila kitu kitakuwa kimeharibika. Nikaanza kushuka. Badala yake alikwenda mbele akaburuta kile kiti cha turubali mpaka nyuma, akakiweka uso ukutani, mahali bahari haionekani. Akakaa. Akapandisha miguu juu ya kigoda, yeye mwenyewe, bila kuambiwa na dresa wala mimi.

Akasema bahari ameiona maisha yake yote. Mwinyihaji akifanya kazi, hajawahi.

Alikaa mpaka alasiri. "Hapo umeruka." "Kushoto, bwana, kushoto kwako wewe." Alicheka mara tatu. Mara ya nne nilidondosha brashi makusudi. Alipoinuka kitini nilitazama vifundo vyake. Vimeonekana! Vyote viwili, kama zamani.

Jumatatu, 17 Septemba

Nyumbani tangu jana. Aibu: mahamri ya Mueni yote yameuzwa. Mabaharia wanayapenda, yanadumu safarini. Jana Mwanatabu alinuna mpaka magharibi. Kisha wawili hao wakakaa na karai katikati, na wamekubaliana: siku moja huyu, siku moja yule. Leo zamu ya Mueni. Mke wangu amelala mpaka jua limeingia dirishani. Nimefukuza kuku wa mtaa mzima wasimwamshe.

Mutua alikuja kuuliza habari za Tiwi. Nilimweleza kitanda, madafu, upepo. Akatazama viwiko vyangu, akauliza zawadi yenyewe ilikuwa ya kupumzika au ya kupaka. Damu ikanichemka. Ulimi ukatoka wenyewe: nikasema nimeshinda tena! Malindi, mwezi wa Desemba, watu wanne, yeye na Mueni wakiwemo. Mueni akapiga kigelegele. Mwanatabu hakupiga. Alikwenda kunifulia lile shati la chokaa, akalianua, akalikunja, akaliweka juu ya sanduku la safari.

Nimelidanganya hata daftari langu. Hakukuwa na ndoo, hakukuwa na vikaratasi, sikushinda kitu. Niliomba nyumba kwa Randu, nikalipa kwa ukuta. Na Malindi sijashinda pia. Kesho naanza kuulizia nani huko ana nyumba iliyobabuka.