Mkoa Mpya wa Jeppestown ya Chini

Jumapili, tarehe 1 Juni

Baridi ya kuua. Vidole havishiki uzi wa kusukia. Kanisani nimekaa nyuma karibu na hita, na huko nyuma ndiko habari zote ziko.

Habari kubwa: Masika ametoka hospitali. Daktari amesema apumzike, basi. Mtu akiambiwa apumzike katika Johannesburg hii, ujue! Masika ni rafiki yangu, tunakaa chumba kimoja miaka na miaka, pazia katikati. Yeye anashona nguo, mimi nasuka nywele. Nimemkuta kitandani anapiga pasi kitenge. Amelala, anapiga pasi! Nimemnyang'anya. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akasema Mama Carmel, naomba kitu kimoja tu. Nikifa nisizikwe huku. Unipeleke Congo, Butembo, karibu na mama, pale kwenye mikaratusi.

Nimemwambia anyamaze, hakuna anayekufa mwezi wa sita, udongo mgumu mno. Akacheka tena. Nikasema nakwenda kununua mkate. Nimelia kidogo mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani. Nimerudi bila mkate.

Habari nyingine: gavana wetu Angélique ana wigi jipya. Refu mpaka kiunoni. Kwa pesa gani?

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Binti yangu Carmel ameniuliza, kwa Kiingereza chake cha pua, mutuelle, hiki chama chetu Wakongo cha kuzikana, ni kitu gani hasa. Huyu mtoto amezaliwa hapa, hajui kitu. Nimemwambia ni serikali.

Na ni serikali kweli! Sentre iko Braamfontein, kwa Président François. Mikoa iko minne: Jeppestown, Fordsburg, Yeoville, Rosettenville. Kila mkoa na gavana wake. Michango yote inapanda Sentre. Kwa kila mia, sitini inabaki huko juu, ya wakili wa makaratasi yetu, ya kodi ya ofisi, na ya kile kiti cha Président kinachozunguka. Arobaini inashuka mikoani, inagawanywa sawa kwa sawa. Hiyo ni ya wafu. Kila mkoa unapeleka maiti wake nyumbani. Tumeiga Congo kabisa, hata hiyo ya kushuka tunaiita rétrocession. Na kama Congo, pesa ya kupanda inakimbia, ya kushuka inatembea na magongo.

Nimekwenda kwa Angélique kumuuliza kama fungu la Jeppestown linamtosha Masika. Ndege mpaka Entebbe, halafu gari mpaka Kasindi mpakani, halafu Butembo. Yeye ana saluni ya ndani, mimi nasuka nje, saluni yangu ni upepo. Amesema fungu linatosha mwili mmoja. Nikasema sharp, sawa, ni mmoja tu. Akasema kuna mzee Elisée pia, anapumulia chupa ya oksijeni. Basi ni yule atakayetangulia.

Atakayetangulia! Kama foleni ya teksi! Nimemwambia hilo wigi lako peke yake linasafirisha miili miwili na wasindikizaji. Wateja wamecheka mpaka dryer ikazimwa. Angélique hakucheka.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Siku ya akili!

Kiplagat amemleta binti yake Kathambi kusukwa. Huyu Kiplagat ni Mkenya wa benki, kazi yake ni hesabu za serikali, na ndiye aliyenipa hii agenda, daftari la tarehe ninaloandikia. Nimemuuliza serikali zinagawana vipi pesa. Jamani, alivyofurahi! Nadhani hakuna anayemuuliza, hata mkewe.

Anasema hapa Afrika Kusini kodi inaingia chungu kimoja. Wanatoa kwanza ya madeni. Inayobaki wanagawa mara tatu: serikali kubwa, mikoa tisa, na manispaa. Mikoa yenyewe inakusanya kidogo sana, inasubiri hicho chungu kwa ajili ya shule na kliniki. Na hawagawi kwa kupendana. Wanahesabu watu, watoto wa shule, wagonjwa, umaskini. Nikasema basi mkubwa ndiye anayekula. Akasema hapana, kuna kipande ambacho kila mkoa unapata sawa, mkubwa au mdogo. Kwao Kenya hivyo hivyo, kila kaunti ina kipande chake.

Nimeacha kusuka. Hata iwe ndogo? Akasema hata iwe ndogo, lakini...

Lakini nini tena! Nimepiga kelele ya furaha, Kathambi ameshtuka, mstari wa nywele umepinda kama barabara ya kwetu. Kiplagat aliendelea na lakini yake. Mimi sikusikia. Nilikuwa tayari na mkoa kichwani.

Tumekuwa wajinga! Jeppestown moja, fungu moja. Jeppestown mbili, mafungu mawili! Elisée atapanda ndege ya Jeppestown ya Juu, Masika ya Jeppestown ya Chini. Hakuna foleni. Kule Congo walichukua mikoa kumi na moja wakaikata ikawa ishirini na sita. Unadhani walikuwa wanacheza?

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Sheria inataka watu ishirini kwa mkoa mpya. Siku mbili nimepanda na kushuka ngazi za majengo yote haya. Kila aliyekubali nimempa cheo. Waziri wa Viti. Waziri wa Sufuria. Naibu Waziri wa Sufuria, maana Jocelyne na dada yake hawazungumzi. Pacifique fundi viatu alitaka Ulinzi, nimempa, ana mbwa.

Nimekwama kwenye kumi na tisa. Nikamwambia Masika, umebaki wewe.

Akaniuliza polepole, nikitoka kwa Angélique, ile nafasi yangu huko si itapotea? Nikamwambia unatoka kwenye foleni, unaingia mlangoni.  Akasema mimi siasa sijui, Mama Carmel. Mimi nakujua wewe.

Ameandika jina. Jina limepanda mpaka kwa Jocelyne. Ishirini! Mkoa umezaliwa! Nimemkumbatia, mifupa mitupu. Nimemchemshia uji akanywa vijiko viwili kwa heshima ya mkoa.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Mkutano mkuu, Braamfontein. Nimevaa kitenge alichonishonea Masika, cha mabega yaliyosimama. Nilijiandaa kupigana na Président François. Nilikuwa na matusi safi, ya kanisani. Hakupigana! Alitabasamu, akasema demokrasia, akapiga muhuri hapo hapo. Nimemsifu. Mtu mkubwa yule.

Aliyesimama ni Angélique. Analia! Mbele ya watu wote alisema, "Mama Carmel, toka wewe. Nenda na mawaziri wako wa sufuria. Lakini Masika mwache kwangu, nakuomba, dada."

Nami nikamjibu, "Unalilia Masika au unalilia fungu la wigi?"

Ukumbi mzima umeanguka kwa kicheko. Pacifique amepiga meza. Angélique akakaa chini, akafunika uso. Nilijisikia mrefu.

Halafu Président akasoma kifungu cha mikoa mipya. Kirefu, cha Kifaransa. Mimi nilikuwa napiga vigelegele, sikushika chote. Kitu cha Januari.

Mimi ni gavana! Basi lilipofika, dereva hakujua. Nimemwambia.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kiplagat amerudi na Kathambi nimnyooshee ule mstari. Nikamwambia mkoa tayari, asante kwa ushauri. Uso wake ukabadilika. Akasema Mama Carmel, hukuniacha nimalize. Chungu ni kile kile. Ukiongeza walaji, kila mmoja anakula kipande chembamba. Na mlaji mpya hali mwaka huu, kwa sababu cha mwaka huu kimeshagawanywa.

Nimemwambia hiyo ni Kenya.

Lakini sikumaliza hata ule mstari. Nimekwenda Braamfontein kwa miguu, nauli sina. Président amezungusha kiti. Amesema ndiyo, Januari. Kabla ya hapo mkoa mpya unachanga tu, haupokei. Nilikusomea, ulikuwa unapiga vigelegele.

Njo maana alitabasamu! Michango yetu inapanda, kwetu hakishuki kitu!

Nikamwambia basi tunarudi, futa mkoa. Akasema huo mkoa umepitishwa na mkutano mkuu, utafutwa na mkutano mkuu. Mwingine ni Desemba.

Kurudi nimesimama kwenye robot ya Jeppe, taa ya barabarani, imekuwa kijani, nyekundu, kijani, mimi niko pale pale. Nyumbani Masika aliuliza gavana, mambo yako sawa? Nimesema sawa kabisa. Sasa kazi yako ni moja, fika Januari. Akasema atajaribu.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Masika hakuamka.

Nimevuta pazia kumwambia maji ya moto tayari.

Mzee Elisée bado yupo hai. Amekuja mwenyewe na chupa yake ya oksijeni kutoa pole. Amepanda ngazi zote zile. Alikaa pembeni anapumua, akasema kwa hiyo Masika ndiye aliyetangulia.

Nimembebea chupa mpaka chini. 

Jumapili, tarehe 15 Juni

Mwili uko mochwari. Nimezunguka mikoa yote. Gavana wa Fordsburg amenipa chai na maandazi, akasema akilipia maiti wa mkoa mwingine leo, kesho atalipia wa jiji zima. Yeoville hawakufungua mlango. Rosettenville wamesema poleni, na rétrocession yao wenyewe ya tangu Pasaka haijashuka.

Jioni Angélique amegonga. Nilidhani amekuja kunicheka, ningempa haki yake. Hakucheka. Amekuja ameshika sufuria ya maharage, kichwani kitambaa, wigi hakuna. Amesema alimwomba Président ruhusa Jeppestown ilipe. Amekataa. Masika hayumo tena kwenye watu wa Jeppestown, yumo kwangu.

Akakaa kwenye kitanda cha Masika, akashika pasi, akairudisha. Akaniambia, "Angekuwa njiani sasa, dada. Angekuwa Entebbe." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Halafu akatoa pesa ya jeneza. Sikuuliza ya wapi. Nilipotoka kutupa taka nimeliona wigi lake linauzwa kwenye dirisha la duka la chini, bado limechanwa vizuri.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Jana sikukuu, ofisi zote zilifungwa. Leo tumemzika. Huku huku.

Mawaziri wangu wote wamekuja. Waziri wa Viti alisahau viti. Jocelyne na dada yake wameshikana mikono, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Nyimbo tumeimba za Kinande, lugha ya kwetu Butembo, tatu tu, nyingine hatuzijui vizuri. Tumemvika kile kitenge alichokuwa anapiga pasi. Nilimalizia mimi. Nimekiunguza kidogo pembeni, nimekunja upande huo ndani.

Kwa simu nimempigia kaka yake Butembo asikie udongo unavyoanguka. Akauliza mbona mmemzika huko. Nimesema mtandao mbaya, sikusikii.

Lakini kuna mikaratusi kwenye yale makaburi! Mirefu, ina harufu ile ile. Watu walipoondoka nimemwinamia Masika nikamwambia angalia, mti ni ule ule.

Sidhani kama aliamini. Hata mimi.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Chumba kimekuwa kikubwa. Carmel ananiambia nitoe pazia. Lina kosa gani?

Angélique amenisimamisha sokoni. Desemba atasimama mbele ya mkutano mkuu aombe turudi kwake wote, tena nafasi zetu ametuwekea. Amesema tusahau, dada. Nimemshukuru. Mtu mzuri, kusema kweli, na bila wigi uso wake unaonekana.

Président naye ametuma ujumbe. Mkoa una kumi na tisa, sheria inataka ishirini. Usipotimia, mwisho wa mwezi anaufunga bila kungoja mkutano, kisha mnachanga moja kwa moja Sentre. Anafunga! Mkoa ambao Masika aliuwekea saini kwa mkono ule!

Usiku sikulala. Juu yangu kuna Gaston, mlinzi wa duka la matairi, mtu wa Beni, hana mutuelle yoyote. Nimemsikia kupitia dari. Anakohoa. Kikohozi kizito, cha mtu makini.

Asubuhi nimempandishia chai na limau. Nimempa Uwaziri wa Usafiri. Ameniuliza ikitokea bahati mbaya mtanifikisha Beni? Nimemwambia Gaston, kwetu hakuna foleni. Kazi yako ni moja, fika Januari. Ameweka saini. Ishirini tena!

Na nimefikiria sana, nimeona tulipokosea. Angélique anasema hivi, Kiplagat anasema vile, wao hawaoni. Ngoja tufike arobaini. Jeppestown ya Chini Kushoto, Jeppestown ya Chini Kulia. Tungekuwa na mikoa mingi tangu mwanzo, mmoja wao usingekosa kumpeleka Masika.

Kosa letu ni moja. Tuligawanyika mara moja tu.