Kila Mshale Upite kwa Katibu

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Wiki ya saba ya kozi ya Usanifu wa Programu, kwa njia ya mtandao. Darasa lina watu thelathini na wanane. Wenye mvi ni wawili: mimi na Zubaida. Mtu angedhani chuo kimefunguliwa ili yeye apate pa kunifuata.

Nieleze, maana hata shajara ina haki ya kuelewa. Mimi ni katibu wa Umoja wa Kuzikana hapa Kansanga, mwaka wa kumi na nne sasa. Sisi Wakongomani, Wanubi, Waganda na wengine tuliojikuta mtaa mmoja tulikubaliana kwamba mmoja akifiwa, wote wafike na hema, viti, sufuria na kuni. Kazi ya katibu ni kupeleka taarifa. Mimi huzipeleka kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na kila nyumba naeleza vizuri marehemu alikuwa nani, aliugua nini, na wazee wake walitoka wapi. Mwezi wa sita alifariki kaka yake Zubaida. Waislamu huzika siku ileile. Nilipokuwa nyumba ya tatu, Zubaida alinipita akirudi kutoka makaburini. Tangu hapo ana maneno.

Ndipo mwenyekiti wetu, Bwana Erinayo, akaamua taarifa ziende kwa kompyuta. Katibu na naibu wake, yaani Zubaida, wasome kozi, kila mmoja asanifu mfumo wake, na mkutano wa Jumapili hii uchague. Mwenye mfumo bora ndiye katibu. Mimi nimefundisha hesabu miaka arobaini, Butembo kwetu Kongo, kisha hapa. Yeye alikuwa mkunga. Namwonea huruma.

Jumanne, 5 Septemba

Mchoro umekamilika. Visanduku kumi na saba, mishale arobaini na mitatu. Nimeubandika ukutani sebuleni. Hortense, mke wangu, aliuliza kama ni mabomba ya maji. Nilimweleza kwa saa moja na nusu. Alisema ameelewa, na akaenda kulala saa nane mchana.

Uzuri wake ni huu: kila mshale unapita kwenye kisanduku cha katikati, kiitwacho Katibu. Kutuma taarifa, Katibu. Kusahihisha, Katibu. Neno la siri, Katibu peke yake. Mkutano ukinitoa, mfumo unabaki bubu. Huo ndio usanifu.

Nimeweka na ulinzi. Mwaka juzi mwanachama mmoja alitumia simu ya marehemu mkewe kuita hema. Tulifika na kuni, nyuso zimekunjamana, tukakuta harusi. Yake. Kwa hiyo jina likishaingia orodha ya marehemu, mwenye jina hana ruhusa ya kutuma chochote. Sentensi ya kumkatalia nimeiandika mwenyewe, fupi na yenye heshima.

Jumatano, 6 Septemba

Kipindi cha moja kwa moja mtandaoni. Mhadhiri, Daktari Ongom, aliutazama mchoro wangu muda mrefu. Kustaajabu, bila shaka. Kisha akasema kuna kiungo kimoja ambacho kikikatika, kila kitu kimekatika. Aliuliza itakuwaje katibu asipokuwepo. Nikamjibu kwamba katika miaka kumi na minne sijakosa hata siku ya malaria. Akauliza tena: je, akifa? Nilimweleza kwamba hilo ni swali la nadharia. Darasa zima liliinamia madaftari kwa heshima, isipokuwa Zubaida, aliyesahau kuzima kipaza sauti. Ilisikika kicheko, na kitu kikikaangwa.

Mchoro wake una visanduku vinne. Watu wawili wanaweza kutuma taarifa, na yeyote kati yao anaweza kusahihisha kosa la mwenzake. Ongom akasema vizuri sana. Vinne!

Nimemwandikia Ongom barua ya ufafanuzi, kurasa sita. Amejibu: "Nimepokea." Yaonekana imemgusa.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimekwenda kupeleleza. Kisingizio: kuazima sufuria. Zubaida alinipa chai na mandazi, kisha akanionyesha mfumo wake wote bila mimi kuuliza, jambo linalotia shaka. Anaujaribu kwa simu mbili tu, yake na ya dada yake Latifah, na marehemu wake anaitwa Mtu wa Mfano. Akasema alizunguka kuwauliza wanachama wanataka taarifa iseme nini. Wakamwambia: nani, wapi, saa ngapi.

Kuuliza watu! Wangejua wanachotaka wangesanifu wenyewe.

Mlangoni alisema kwa kunihurumia, "Mwalimu, bambi, punguza mishale. Utajichoma." Nimerudi na sufuria ambayo siihitaji.

Ijumaa, 8 Septemba

Chuo kina chombo cha kujengea: unapanga visanduku, unaviunganisha, mfumo unafanya kazi kweli. Mwongozo wa Ongom unasema tujaribu kwa majina ya kubuni na namba za kubuni. Ushauri mzuri kwa wanaoanza. Mimi nimeingiza namba halisi za wanachama mia moja arobaini na watatu.

Mpango ni huu. Kesho asubuhi kila mwanachama atapata taarifa ya mfano kutoka kwenye mfumo wangu, aione, aipende, na Jumapili anyooshe mkono akiwa ameshaamua. Zubaida atabaki na Mtu wake wa Mfano.

Limebaki swali la marehemu. Hortense alisema nitunge jina. Nilimweleza kwamba jina lisilo kwenye daftari la wanachama mfumo unalikataa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kumwandikia mwanachama mwingine kifo ni kumtakia mabaya. Nimejitolea mwenyewe. Katibu mzuri hutangulia.

Nimeandika wasifu wa marehemu, maneno mia nne na sitini. Nilijizuia sana. Mwisho kabisa nimeweka: "Huu ni mfano tu."

Jumamosi, 9 Septemba

Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi nilibonyeza. Ndani ya dakika nne taarifa ilifika kwa wote. Bila kosa!

Kosa dogo. Ujumbe ulikuwa mrefu, ukagawanyika vipande kumi na kimoja. Chombo kinakubali kumi. Kilichokatwa ni cha mwisho, chenye yale maneno kuhusu mfano.

Nikafungua sehemu ya kusahihisha. Mfumo ukajibu: "Pole. Mtumaji ni marehemu, hana ruhusa." Sentensi yangu mwenyewe. Imesomeka vizuri hata hivyo.

Nikampigia Mwenyekiti. Alipokea kwa sauti ya chini, akanipa pole nyingi, akauliza ni nani anayetumia simu ya marehemu. Nikasema ni Katembo. Akasema, sawa, ssebo, bwana wangu, mdogo wake au mkubwa wake? Nikasema ni mimi, Katembo Ephraïm mwenyewe. Akasema uchungu huwasemesha watu mengi, nikae chini, ninywe maji, hema liko njiani.

Saa tano hema lilifika. Saa sita, viti mia moja. Nilisimama getini nikimweleza kila aingiaye. Wengi walinishika mkono, wakapita, wakakaa; walishabeba kuni, hawakuona sababu ya kuzirudisha. Mmoja aliyepata kipande cha saba kabla ya cha kwanza alidhani nimefariki Butembo mwaka 1974.

Zubaida alikuja na sufuria mbili kubwa. Aliponiona alisimama. Macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vitunguu. Sufuria zilikuwa na mchele tu. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Haya, Mwalimu, umeendelea. Zamani taarifa yako ilifika baada ya mazishi. Leo imefika kabla ya kifo." Watu wakacheka mpaka kamba za hema zikatikisika. Sikuona cha kuchekesha. Ni kweli kwamba tumeongeza kasi.

Chakula kilipikwa, kikaliwa. Bwana Erinayo alikuwa ameandaa hotuba ya rambirambi na hakutaka ipotee bure, akaisoma nikiwa mstari wa mbele: "Alikuwa mtu wa kueleza. Alitueleza mengi tusiyoyajua, na mengi zaidi tuliyoyajua." Wakaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 10 Septemba

Mkutano. Kabla ya kura, Mwenyekiti alifungua katiba, kifungu cha saba: katibu akifariki, naibu anashika nafasi saa hiyohiyo. Kifungu hicho nilikitunga mimi. Nikasimama kueleza kwamba niko hai. Erinayo akakubali kwamba naonekana hivyo, ila akauliza daftari la mfumo linasemaje. Linasema marehemu tangu jana, saa tatu na dakika kumi na nne. Nani anaweza kulisahihisha? Katibu peke yake. Na katibu sasa ni nani?

Nikamkabidhi Zubaida neno la siri, ndani ya bahasha, mbele ya watu wote. Kiti cha katibu kimekuwa kiti changu muda mrefu. Akabonyeza mara moja, nikafufuka saa tisa na nusu. Nilimshukuru kwa ufupi, dakika ishirini.

Kisha kura za mifumo. Wake, tisini na sita. Wangu, moja. Hortense wakati huo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, kwa hiyo najua ile moja ilikuwa ya nani. Mkono nilikuwa nimeunyoosha mwenyewe.

Nimepewa kazi ya kuhesabu viti. Zubaida alisema viti havichoki kusikiliza.

Jumanne, 12 Septemba

Matokeo yametoka. Zubaida amefaulu, kwa sifa. Mimi natakiwa kurudia mradi. Ongom ameandika kwamba alinionya: kiungo kimoja kimebeba kila kitu, kimekatika, na kila kitu kimeanguka. Ananishauri niweke angalau makatibu wawili, ili mmoja akitoweka mwingine aendelee.

Mtu mwenye elimu hakatai kukosolewa. Nimekaa siku nzima nikitafakari, na lazima nikiri kwamba Ongom ana hoja. Nimechora upya. Visanduku ishirini na vitatu, na katikati, kwa mara ya kwanza, makatibu wawili. Mchana nilikwenda kununua laini ya pili ya simu. Mchoro nitaupeleka kwenye mkutano wa Desemba, kabla Zubaida hajazoea kiti.

Katibu wa kwanza: Katembo E. Katibu wa pili: Ephraïm K.

Mmoja wetu akifa, mwingine atatuma taarifa.