Simu Iliyoandamisha Mwezi

Jumamosi, Ramadhani 25

Nasma ni wangu. Kilichobaki ni baba yake kukubali tu. Mzee Abdulatif ana posa mbili, yangu na ya Shomari, na amesema atajibu Idd Mosi baada ya pilau. Shomari! Muuza betri na tochi! Fremu yake imetazamana na yangu hapa Mtaa wa Aggrey, kwa hiyo namwona anatabasamu kutwa nzima. Ananikera mtu huyu, sijui niseme nini.

Jioni nilifuturu kwao Nasma, Mchafukoge, ghorofa ya nne. Mzee akaanza hotuba yake. Serikali ilazimishe kila simu inayoingia nchini iwe na redio ya FM. Mvua ikija kwelikweli, umeme unakata, mtandao unakata, watu wanabaki wameshika simu kama wameshika kipande cha sabuni. Nasma akasema nani anasikiliza redio siku hizi, watu wana bando. Mzee akamjibu bando halijawahi kumwambia mtu akimbilie wapi mafuriko yakija. Mimi nikaitikia kila neno. Niliitikia mpaka uji wangu ukapoa.

Nikiwa kwenye ngazi nashuka, wazo likanijia. Dukani nina maboksi ya simu zilizododa tangu mwaka jana. Hakuna anayezitaka hata kwa kubembelezwa. Na zina redio! Ya Rabi, kumbe nimekalia mali!

Jumapili, Ramadhani 26

Nimetundika bango: SIMU YA DHARURA. MTANDAO UKIFA, WEWE HUFI. Hakuna aliyenunua. Mama mmoja alisimama, akasoma, akaniuliza kama nauza bima.

Kosa nimeligundua. Kila boksi lina hedifoni za waya. Waya, karne hii! Unashusha hadhi ya bidhaa. Nimezitoa zote nikampa Shomari, naye akanipa hedifoni zisizo na waya. Chache, ila nyeupe, za kisasa. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia waya ni kitu kidogo tu. Biashara haijui, maskini.

Jumatatu, Ramadhani 27

Leo nimetia bao!

Mzee ana redio ya betri ya tangu Nasma hajazaliwa, mfuniko umefungwa kwa mpira. Kila mwaka anaisikilizia tangazo la mwezi, kisha anasimama juu ya ngazi na kuwaita majirani ghorofa kwa ghorofa. Jengo lile halibandiki pilau mpaka Mzee aite. Nikamletea simu ya dharura, zawadi, pamoja na hedifoni nyeupe. Nikamwambia mwaka huu mwezi atausikia kidijitali. Akacheka. Akaniita mwanangu! Mbele ya Bi Sitara, mkewe!

Nasma akauliza kama nimeijaribu hiyo redio. Nikamwambia kitu kipya kikijaribiwa upya unaisha.

Redio kuukuu nimeiondoa mwenyewe, nikampa Shomari atoe vipuri. Ameipokea kama kapewa mtoto. Namhurumia.

Jumatano, Ramadhani 29

Mvua tangu adhuhuri. Kariakoo yote maji. Alasiri umeme ukakata. Tukiwa kwenye futari mtandao nao ukafa. Mzee alikuwa kama mtu aliyeshinda kesi. Si nilisema! Si nilisema! Akanikabidhi simu, akaniambia kijana, hebu tupe habari ya mwezi.

Nikafungua redio. Kioo kikaandika: CHOMEKA HEDIFONI ZA WAYA. Nikapachika zile nyeupe. Kikaandika yaleyale. Nikazima, nikawasha, nikaipuliza. Yaleyale! Kumbe ule waya ndio antena. Waya wote uko kwa Shomari, na barabara huko chini imekuwa mto.

Bi Sitara yuko mlangoni na mchele, anataka kujua apike pilau au aandae daku. Majirani wamejaa kwenye ngazi na mishumaa. Nasma akaninong'oneza, kama hujasikia sema hujasikia. Maneno mepesi tu! Nilifungua kinywa niyaseme, Wallahi nilifungua. Nikamwona Mzee anavyonitazama kwa imani. Nikafikiria Shomari atakavyonicheka.

Mara shangwe zikalipuka jengo la ng'ambo. Makofi, miluzi, watoto wanarukaruka. Jamani, jioni ya ishirini na tisa watu watashangilia nini kingine? Nikajibonyeza sikio, nikasema wametangaza. Mwezi umeandama.

Mzee akasimama juu ya ngazi akaita. Jengo zima likaitikia takbira. Bi Sitara akabandika sufuria. Nasma akaingia ndani.

Wakati naondoka, mlinzi wa ng'ambo akaniambia umeme uliwarudia mara moja, watu wakashangilia, ukakata tena. Nikasimama palepale, maji yamenifika magotini. Ningeweza kurudi juu nikasema. Lakini ghorofa nne si mchezo, na suruali imelowa. Labda umeandama kweli. Nani anajua?

Alhamisi, Ramadhani 30

Ndiyo. Thelathini. Nimekwisha.

Mzee hakuamka kula daku. Asubuhi kala tende kwa sunna, kashushia na vitumbua na chai ya maziwa, kavaa kanzu mpya, kajifukiza udi, katoka anapiga takbira kwa sauti. Mimi nyuma yake na mkeka. Nyuma yangu jengo zima, watoto na maputo na miwani ya plastiki. Mzee akampa fundi viatu mkono wa Idd. Fundi akamtazama. Akampa muuza vitambaa. Naye akamtazama. Watu wanafungua fremu zao, midomo imewakauka kwa swaumu.

Mlango wa msikiti, nani yupo? Shomari. Na ile redio, mpira wake uleule. Ameisikiliza jana, akamweleza imamu na kila aliyeweza kufika: mwezi haukuonekana, funga itimie thelathini. Hakucheka. Laiti angecheka! Aliinama akasema, shikamoo Mzee, leo bado tumefunga.

Mzee alikuwa na kitumbua mkononi, anampelekea imamu.

Watoto wa madrasa ndio walioanza. Kobe! Kobe! Jina la wanaokula mchana wa Ramadhani kwa kujificha! Mzee Abdulatif, mjumbe wa kamati ya msikiti, kobe! Na jengo zima makobe, kila mmoja ana siku ya kulipa kwa ajili yangu.

Hakunifokea. Aliuchukua mkeka mikononi mwangu, akageuka, akarudi nyumbani polepole na kanzu yake mpya. Nilitamani anizabe kofi.

Ijumaa, Idd Mosi

Idd ya kweli. Sikualikwa. Nimekula mkate mkavu dukani, mlango nimeushusha.

Mzee amejibu posa. Ni Shomari. Redio imerudi kwa mwenyewe, Shomari kaipeleka kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka mahari. Nimelia. Nimelia kweli, katikati ya maboksi ya simu za dharura.

Alasiri mtandao ukarudi. Ujumbe wa kwanza kuingia ni wa Nasma: Ungesema tu hujui. Ningekusubiri.

Jumamosi, Idd Pili

Tangu jana naurudia ule ujumbe. Ningekusubiri! Moyo ulikuwa unaniuma. Lakini leo nimeuelewa. Shida ni kwamba sikujua. Basi dawa ni kujua! Mwanaume anayeuona mwezi kwa macho yake mwenyewe, bila redio, bila mtandao, nani atamnyima mke?

Harusi yao ni Mfungo Tatu. Kabla ya hapo mwezi utaandama mara mbili. Mara zote mbili nitakuwa juu ya paa la jengo la Mzee, na nitamwita yeye kwanza.

Nimepata darubini! Kubwa, nyeusi, ina miguu yake mitatu. Shomari alikuwa nayo stoo. Nimempa simu zangu zote, kila boksi. Amenisihi nisiichukue, mpaka akanishika mkono. Wivu huo. Ati haina kioo cha mbele.

Kioo ni kitu kidogo tu.