Kamati ya Makoti ya Bwana Verlin

Verlin Stamper aliiona bahati yake imeinama juu ya rundo la maboga mbele ya duka la vyakula, ikiligonga boga moja kwa kidole na kulitegea sikio kama daktari anayepima kifua.

Bahati hiyo ilikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kitambaa cha maua kichwani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitwa Gulnora Yusupova. Alikuwa mtaalamu wa matikiti kutoka Samarkandi, na chuo cha mji ule wa Ohio kilikuwa kimemwalika kwa mwaka mmoja. Pembeni yake alisimama Rosaura, binti wa Paragwai aliyekuja kusomea ujenzi wa madaraja. Walikuwa wamepanga nyumba moja. Rosaura alikuwa amejifunga blanketi juu ya sweta, maana koti hakuwa nalo, na upepo wa Oktoba haukujali ametoka wapi.

Verlin mwenyewe alikuwa amevaa kizibao cha njano king'aacho, kama wanavyovaa watu wa barabarani. Alikiokota tu. Lakini ni ajabu jinsi binadamu anavyomheshimu mwenye kizibao cha njano; amevaa hicho, anaweza kusimamisha jeshi, kisha likapita anapotaka yeye. Gulnora alipomwona tu, akamwuliza boga lipi ni tamu.

"Hayo hayaliwi, mama," Verlin akasema kwa upole. "Yanachongwa macho na meno, halafu yanawekwa barazani."

"Chakula kinachongwa meno?"

"Ndiyo mambo yetu ya msimu huu."

Gulnora akamgeukia Rosaura. "Basi lile alilotuwekea mwenye nyumba tumeshalila."

Hapo Verlin akahisi moyo wake umeruka kidogo, kama unavyoruka moyo wa mvuvi kamba inapovutwa. Watu hawa walikuwa wapya kabisa, na mtu mpya huamini lolote analoambiwa kwa sauti ya chini. Naye alikuwa na shida. Gari lake, ambalo ndilo pia lilikuwa chumba chake cha kulala, lilikuwa limekufa gia nyuma ya duka la dobi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: litengenezwe, aondoke kwenda Florida kwenye joto kabla theluji haijaanguka. Fundi naye alikuwa na tabia mbaya ya kutaka pesa kwanza.

Akawabebea mifuko mpaka nyumbani. Tuseme haki, mifuko ilikuwa mizito na hakuna aliyemwomba. Walipofika, nusura aiangushe. Nyumba ilikuwa ya pembeni, hatua chache kutoka uwanja wa mpira wa chuo, na mbele yake kulikuwa na ua mpana wa nyasi, umelala bure kama shamba la mfalme.

Katika mji ule, Jumamosi ya mechi, hakuna ua unaolala bure. Watu huja kutoka kaunti tano kutazama ule mpira wao wa umbo la yai, na kila mwenye nyasi husimama barabarani na kibao, anaegesha magari ya watu kwa pesa. Kuna waliosomeshea watoto kwa nyasi hizo.

Verlin akauliza, kama mtu asiyejali, Jumamosi iliyopita walifanya nini. Rosaura akaeleza kwamba walifunga milango na mapazia. Umati wa watu waliovaa nyekundu, nyuso zimepakwa rangi, ulipita ukipiga kelele na ngoma, nao wakadhani serikali imepinduliwa. Walikaa bafuni na mkate mpaka jioni.

Verlin aliuma mdomo kwa nguvu. Kisha akajitambulisha. Yeye, akasema, alitoka Kamati ya Kuwashauri Wageni Msimu wa Majani Kupukutika.

Kamati hiyo ilikuwa imezaliwa wakati huohuo, lakini ilikuwa na ushauri mzuri. Aliwaambia wachanjwe mafua, na wafunge madirisha kwa karatasi ya nailoni. Siku moja saa za nchi nzima zitarudishwa nyuma kwa saa moja, wasishtuke. Watoto watagonga mlango wamevaa kama mashetani. Wawape peremende, wasiite polisi. Mtu akiwauliza hali zao njiani, wasimweleze habari za mgongo, maana hajauliza kweli. Yote hayo yalikuwa sahihi. Tapeli mzuri hupanga ukweli kama matofali, uongo akautia katikati kama udongo, na usipobomoa ukuta huuoni.

"Na Jumamosi za mechi," akamalizia, "kila ua wa karibu na uwanja unatolewa kwa kamati. Mimi nitaegesha magari. Ninyi msishike hata senti. Viza zenu haziruhusu biashara, mtapandishwa ndege."

"Na pesa hizo ni za nini, kaka?" Gulnora akauliza.

Verlin hakuwa amefika hapo. Macho yake yakatafuta msaada, yakaangukia blanketi la Rosaura.

"Za makoti," akasema. "Kwa wanafunzi wageni."

Gulnora akavua miwani akaifuta. Akasema amezunguka nchi nyingi, hajapata kusikia jambo zuri kama hilo. Akamkatia mkate.

Jumamosi ikafika, na Verlin akaonyesha kwamba hata uvivu wake ulikuwa na vipaji ndani. Aliyapanga magari uani kama dagaa kwenye kopo, pua kwa mkia, huku akipunga kitambaa na kumwita kila dereva bosi. Mkoba wake wa kiunoni ukaanza kunenepa. Alikuwa amewaagiza wale wanawake wakae ndani wapumzike, lakini mlango ukafunguliwa, akatoka Gulnora na sufuria la chuma ambalo mtoto angeweza kuogea, nyuma yake Rosaura na gunia la karoti.

Verlin akamwambia hakuna haja kabisa.

"Wageni wamejaa uani kwangu, nami nijifungie ndani?" Gulnora akasema. "Mama yangu atatoka kaburini anichape."

Akapika pilau. Nyama ya kondoo, karoti, vitunguu saumu vizima vizima, mchele unaong'aa. Kabla ya mechi watu wa huko hufungua buti za magari yao na kuchoma soseji, na soseji zao si mbaya. Lakini harufu ya lile sufuria ilipopanda, soseji za mtaa mzima zilionekana kama zimeomba radhi. Wa kwanza kusogea alikuwa Duane Hostetler, dereva mstaafu wa basi la shule, mtu mkubwa kama kabati. Alijifanya anauliza choo kiko wapi. Alirudi akiwa na sahani, na mkewe Marlys nyuma yake na sahani mbili.

Wakataka kulipa. Gulnora akakataa. Wakabembeleza, akazidi kuwapakulia. Akawaeleza kwamba kuna kamati, na kamati inanunua makoti, na wasimshukuru yeye, wamshukuru yule kaka wa kizibao cha njano anayehangaika kwenye baridi bila hata glavu. Marlys akalia juu ya pilau.

Verlin aliyasikia kwa mbali akafurahi. Tangazo la bure, akajiambia. Na kweli, mechi zilizofuata ua ule ulijaa kabla ya mwingine wowote, na mkoba ukafika mahali ambapo zipu ilifungwa kwa kuvuta pumzi. Marlys alimletea glavu. Akazivaa, akasema moyoni kwamba watu wema ni rahisi sana, na maskini hakujua ni neno zito kiasi gani alilosema.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuja na mbingu ya kijivu iliyoshuka mpaka juu ya paa. Redio ilisema theluji. Verlin hakujali, fundi alikuwa amekubali kumaliza gari jioni hiyo, na pesa ya gia ilikuwa mkobani, na ya mafuta mpaka Florida, na ya machungwa akishafika. Akasimama getini na kitambaa chake kwa mara ya mwisho.

Gari la kwanza likawa la Duane. Marlys alikuwa amepakata bakuli la mahindi ya maziwa. Verlin akanyoosha mkono.

"Leo siegeshi, ndugu yangu," Duane akasema. "Leo mimi ni mgeni wa Gulnora."

Na lililofuata hivyohivyo, na lililofuata. Katika kaunti zile, ukila cha mtu bure husikii raha mpaka umerudisha bakuli. Walikuwa wamekula bure mechi nne, na deni hilo lilikuwa linawawasha. Wakaja na maharage ya sukari, na mikate ya maboga, na kitu fulani cha kijani kinachotikisika ambacho Rosaura alikitazama kwa muda akiwa mbali. Hakuna aliyelipa. Verlin akaona isiwe taabu. Mkoba ulikuwa umeshiba. Wakiingia uwanjani tu, yeye ataingia kwa fundi.

Lakini Gulnora akagonga sufuria kwa mwiko, watu wakanyamaza.

"Kaka Verlin atatuambia habari za makoti," akasema. Akaketi, mikono mapajani.

Angeweza kusema maneno mawili akaenda zake. Hilo alilifikiria baadaye, mara nyingi. Lakini watu wote wale, wamenyamaza, wanamtazama yeye na sahani mikononi! Mlevi mnyime chupa, lakini mwenye ulimi usimpe kimya. Verlin akapanda juu ya kreti.

Akawasimulia habari za mwanafunzi mmoja kutoka visiwa vya joto, aliyemtunga papo hapo, aliyevuka daraja la mto asubuhi ya Desemba na ndala miguuni. Akafika darasani vidole vimekufa ganzi, hawezi kushika kalamu, na mtihani uko mezani. Akaeleza jinsi kijana huyo alivyoandika jina lake kwa meno. Akamtungia na mama, kijijini, anayeamini mwanawe yuko sawa. Sauti ikamkatika, na haikuwa ujanja. Hadithi ilikuwa nzuri mno, akajikuta analia kweli.

Watu wazima walipenga kamasi kwenye leso za karatasi. Kisha Duane akasimama.

"Ndugu yake Marlys ana duka la nguo za baridi mtaa wa pili. Siku ya mechi anafunga mapema," akasema. "Twende sasa hivi. Atatuuzia kwa bei yake ya kununulia."

"Na mechi?" Verlin akauliza, kwa tumaini dogo.

Duane akageuka akautazama uwanja. Ngoma zilikuwa zimeanza. Katika mji ule watu wameahirisha harusi, na mmoja mazishi, kwa sababu ya mechi ya mwisho.

"Mechi itakuwepo mwakani," akasema, akamshika Verlin mkono.

Njiani Verlin alijitetea kama samaki kwenye ndoana. Alisema kamati haijakaa kikao. Duane akamwambia awapigie simu wajumbe. Verlin akasema wajumbe hawana simu, na wengine ni viziwi. Marlys akasema ndiyo maana wamempata msemaji kama yeye, akamshika mkono wa pili. Umati ulikuwa nyuma yao, na Gulnora mbele kabisa, akitembea haraka kwa miguu yake mifupi.

Dukani mkoba ulifunguliwa. Mkono wa Verlin uliushika upande mmoja usitake kuuachia, na Marlys akaupapasa. "Anatetemeka kwa furaha," akawaambia wengine. Mwenye duka aliposikia habari ya yule kijana wa ndala, akaongeza kofia na soksi, naye akaenda nyuma kidogo kufuta macho. Mkoba ukarudi kiunoni mwembamba kama jani.

Alasiri ile ua ulijaa wanafunzi. Walikuja kutoka mabwenini, habari ilikuwa imeruka. Watu wachache wanaelewa uchungu wa tapeli aliyeaminiwa; hana wa kumlaumu, hana pa kushtaki. Verlin alisimama katikati ya marundo, na kwa kuwa alikuwa bado amekivaa kizibao, wote walimwuliza yeye. Mwanzoni aliwajibu kwa hasira. Chukua kubwa zaidi, sweta liingie ndani. Hilo la kupendeza halizuii upepo, rudisha. Wewe mfupi, njoo huku. Rosaura alipata jekundu. Alipandisha zipu mpaka puani, akaishusha, akaipandisha tena, macho tu ndiyo yaliyobaki, na yalikuwa yanacheka. Verlin akageuka upande wa pili akajifanya anahesabu soksi.

Watu walipoondoka, theluji ilikuwa imeanza, laini, bila haraka, kama isiyojua imeharibu mipango ya mtu. Fundi alikuwa ameshafunga. Gulnora akamkuta Verlin ameketi ngazini, akamwekea pilau mkononi na koti mabegani. Lilikuwa la bluu, nene, na lilimkaa sawasawa; mtu alikuwa amelitenga makusudi.

"Mama," Verlin akasema, "niambie kweli. Ulikuwa unajua?"

"Kujua nini, kaka?"

"Kuhusu kamati."

Verlin akamkazia macho. Alikuwa mtu aliyesoma nyuso za polisi, wajane na watunza hazina wa makanisa, na hakuna uso uliowahi kumshinda. Huu aliusoma kutoka kidevu mpaka kitambaani, akarudi chini. Hapakuwa na kitu. Au palikuwa na kila kitu. Hakuweza kujua, na mpaka leo hajui.

"Nilikuamini tu," Gulnora akasema, akamfunga vifungo vya juu. "Chumba cha chini kina kitanda na bomba la joto. Kula kabla hakijapoa. Wageni wengine wanafika Januari. Kamati imefikiria habari ya viatu?"

Verlin akafungua mdomo kumwambia kwamba Januari yeye atakuwa Florida, miguu mchangani.

"Wanavaa namba ngapi?" ulimi wake ukauliza.