Wimbo wa Mavuno Mwezi wa Aprili

Jumatatu, 7 Aprili

Ratiba imetoka. Ee Mungu wangu! Kati ya wachezaji wote wa snuka duniani, mchezo huu wetu wa kutia mipira ya rangi mashimoni kwa fimbo, Ijumaa nimepangiwa Delwyn Hopkin. Jirani yangu! Tulijifunza kwenye meza moja, klabu ya wachimba makaa ya mawe hapa bondeni kwetu, Tonypandy. Jumapili ndiye mwalimu wa kwaya, na mimi ni teno wa mstari wa nyuma.

Nikishindwa, natolewa kwenye daraja la wachezaji wa kulipwa. Maisha yangu yote, basi. Shemeji Gethin keshasema nafasi ipo dukani kwake, kuuza mazulia. Menna, mke wangu, anasema zulia nalo ni kazi ya heshima, tena halimkoseshi mtu usingizi. Nilikwenda chumbani kuipaka fimbo yangu chaki.

Delwyn hata akishindwa, nafasi yake ipo. Haki iko wapi?

Jumatano, 9 Aprili

Mpango wa kwanza: maombi. Nilimwendea Mchungaji Eluned, nikamsihi alitaje jina langu mbele za Bwana kwenye ibada ya leo jioni. Sikusema Delwyn akosee. (Nilisema kwa kuzunguka.) Akauliza kama namtaka Mungu anishikie fimbo. Nikasema hapana, aiangalie meza tu kwa jicho la huruma.

Akaomba. Akatuombea wote wawili! Tena sawasawa, kama anayewakatia watoto keki. Halafu akaongeza: na atakayeshindwa, Bwana, umpe moyo wa kupokea. Hapo akafumbua jicho moja, akanitazama. Nililiona kwa kuwa na mimi nilikuwa nimefumbua langu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Baada ya ibada, mazoezi ya kwaya. Mzee Ossie wa besi akashuka sauti, kidogo tu, na Delwyn akajikunja kama aliyeumwa na nyuki. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, ukaanza kupiga mapigo hewani, kumvuta Ossie arudi juu. Hata hajui kwamba anafanya hivyo!

Nalala kwa furaha. Namshukuru Bwana kwa masikio ya Delwyn.

Alhamisi, 10 Aprili

Gari langu limegoma. Aliyejitolea kunipeleka Sheffield kwenye mashindano ni nani? Delwyn! Eti twende wote bwana, mafuta ni yale yale. Ningekataaje?

Njiani nikaijaribu silaha. Nikafumba mdomo na kuvumisha wimbo wa mavuno wa kanisani, nikishuka sauti kidogo kama Mzee Ossie. Tulipofika Hereford, Delwyn alikuwa anatokwa na jasho. Kabla ya Birmingham akasimamisha gari, akanipa peremende ya koo, akauliza naumwa? Kisha akasema kwa upole kwamba wimbo ule ni wa Oktoba, Idwal, sasa ni Aprili, watu hata viazi hawajapanda. Na kwamba ile noti ya tatu naikanyaga kama mdudu.

Nikaomba radhi. Akaninunulia chai na pai ya nyama. Nimekula pai ya adui. Ilikuwa tamu.

Jioni, nyumba ya wageni, kifungo cha kizibao changu kilikatika. Menna hayupo. Delwyn akakishona, miwani puani, akiuma uzi kwa meno. Akasema huwezi kwenda kufa kifua wazi, ndugu yangu. Nikacheka. Halafu nikaenda bafuni kufanya mazoezi ya kushuka sauti.

Ijumaa, 11 Aprili

Andika, Idwal, andika yote.

Delwyn aliongoza tangu mwanzo. Kila alipoinama kupiga, nilivumisha kitini pangu. Mwamuzi, mama mmoja mwenye glavu nyeupe, akanitazama. Nikajifanya nakohoa. Delwyn akakosa mpira wa waridi. Akakosa mwekundu wa wazi kabisa! Raundi ya kabla ya mwisho nilishusha noti ya tatu mpaka mwenyewe nikaona aibu. Mkono wake ukainuka kuongoza kwaya, na kifungo cha mkono wa shati kikagusa mpira wa bluu. Mguso mdogo. Mwamuzi hakuuona. Mimi peke yangu niliuona.

Delwyn akasimama wima. Faulo, akasema, nimegusa bluu.

Ndivyo tulivyolelewa pale klabuni. Faulo yako unaitaja mwenyewe, hata kama dunia nzima imelala. Faulo ile ikampotezea raundi. Tukawa sawa! Nilifurahi, ila furaha ilinikwama kidogo kama mwiba wa samaki.

Raundi ya mwisho, pointi sawa, mezani umebaki mpira mweusi tu, atakayeutia ndiye mshindi. Zamu yangu. Mweusi uko mdomoni mwa shimo la kona, marehemu mama yangu angeutia kwa mwavuli. Delwyn kakaa, uso kama wa mtu aliye msibani.

Nikainama. Nikavuta pumzi. Na nyuma yangu nikausikia wimbo wa mavuno.

Delwyn! Hakuwa na hila, naapa. Nilikuwa nimempandia wimbo ule kichwani siku mbili, sasa unamtoka wenyewe, naye anauvumisha vile inavyopasa, kila noti mahali pake. Mzuri, jamani! Akafika mstari wa mwisho, ule ambao kanisani kwetu tunaurudia. Na kwenye kurudia, teno ndio tunaoingia kwanza.

Miaka yote hii nimeingia pale. Kifua kikajaa chenyewe. Bega likapanda. Fimbo ikaugusa mpira mweupe wa kupigia kabla sijapiga, kama nzi aliyetua na kuruka.

Hakuna aliyeona! Mwamuzi alikuwa amemgeukia Delwyn, kidole mdomoni, kumnyamazisha. Niliutazama mweusi. Nilitazama zulia la ukumbi. Zulia zuri, la sufu.

Faulo, nikasema.

Ukibaki mweusi peke yake, faulo ndiyo mwisho. Mchezo umekwisha, na mimi nimekwisha. Delwyn hakutaka kunipa mkono. Alisema acha utani, Idwal, umegusa nini, wapi? Nilipomweleza akatoa leso, akapenga kwa sauti ya juu kabisa. Hata hiyo haikupotoka noti.

Sikufanya ushujaa. Mdomo ulisema kabla sijaushauri.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Maua, ndivyo tunavyoiita Jumapili ya Matawi hapa kwetu. Asubuhi tumesafisha makaburi, nikampelekea baba maua yake ya manjano. Bonde zima limenishika mkono pale makaburini. Mchungaji Eluned kahubiri juu ya uaminifu bila kunitaja, ila watu wote walinigeukia. Delwyn kanipa sehemu ya kuimba peke yangu siku ya Pasaka. Mimi! Mzee Ossie kanuna, eti siku hizi watu wanapandishwa cheo kwa kushindwa.

Menna kanishonea kile kifungo upya, anasema Delwyn anashona kama mchimba makaa. Kisha, bila kunitazama, akasema amemwambia Gethin mazulia yasubiri. Mwezi wa Mei kuna mashindano ya kurudi daraja la kulipwa. Delwyn atafanya nami mazoezi kila jioni.

Nimetafakari sana kilichoniangusha. Nimepiga magoti. Na jibu limekuja wazi kabisa: wimbo ule una sehemu ya teno!

Mei sijui nitapangiwa nani, lakini kila mtu ana masikio. Ninachohitaji ni wimbo wa besi tupu, wenye noti nyingi za kuharibu. Nimemwomba Delwyn anifundishe mmoja.

Amefurahi, masikini, hata hakuuliza wa nini. Tunaanza kesho.